Kumpokea mwanafunzi wa nje nyumbani kwako Dodoma: mwongozo kwa familia inayoanza

Kila shule inapotangaza kwamba kundi la wanafunzi wa kubadilishana linakuja, simu za wazazi huanza kuita, na maswali ni yaleyale. Sisi tuna choo cha kuchuchumaa, itakuwaje? Huyo mtoto atakula nini? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, si nitamwaibisha mwanangu? Nimeyakusanya majibu mahali pamoja kwa ajili ya mzazi wa Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa au hata Manyoni, kwa jirani zetu wa Singida, ambaye hajawahi kumkaribisha kijana wa nje chini ya paa lake.

Nianze na hilo la Kiingereza, maana ndilo linalowafanya wazazi wazuri wakatae. Kijana huyu anakuja kujifunza Kiswahili. Familia inayopika, inayosali, inayobishana na kucheka kwa Kiswahili kutwa nzima ndiyo anayoihitaji. Kiingereza chako kikiwa kidogo, yeye ndiye anayefaidika. Kwa hiyo hofu hiyo iweke pembeni, tuingie kazini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujakubali

- Kitanda chake mwenyewe, chenye godoro safi na chandarua kisicho na matundu. Chumba cha peke yake si lazima. Anaweza kulala chumba kimoja na mwanao wa rika lake na jinsia yake, lakini kitanda kimoja wasichangie.
- Sanduku au kabati lenye kufuli, na ufunguo ukae kwake. Humo atatunza pasipoti, dawa na fedha.
- Bafu na choo vyenye komeo kwa ndani. Choo cha kuchuchumaa hakina tatizo lolote, anaelekezwa siku ya kwanza na yanaisha. Mlango usiofungika ndio tatizo, nao fundi anaumaliza kwa asubuhi moja.
- Akiba ya maji. Mgao unajulikana kwetu, kwa hiyo simtanki au madumu ya kutosha, pamoja na ndoo yenye mfuniko na koki kwa maji ya kunywa yaliyochemshwa.
- Meza au kona ya kusomea yenye mwanga, karibu na soketi.
- Blanketi zito. Wageni wengi wanafika wakiamini Afrika yote ni joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai, upepo ukivuma, hata sisi wenyewe tunajikunyata.
- Ridhaa ya kila anayeishi hapo. Muulize bibi. Waulize watoto. Muulize na dada wa kazi, kwa sababu sahani, shuka na maji ya kuoga vitaongezeka mikononi mwake. Kama kazi inaongezeka, mwongezee na mshahara. Nyumba ambayo dada hakuulizwa, mgeni huhisi ubaridi jikoni tangu siku ya kwanza wala hajui umetoka wapi.

Usikope ili ununue sofa au televisheni mpya. Mgeni anakuja kuishi mnavyoishi.

Hatua ya 1: Kaa na shule, mwandikishane

Nenda kwa mwalimu anayesimamia mpango ukiwa na kalamu. Uliza: anakaa muda gani? Nani analipia chakula chake, nauli na sare? Kuna posho ya familia au hakuna? Bima yake ya afya inatumikaje hapa? Ruhusa ya kutoka nje ya mkoa inatolewa na nani? Nikipatwa na dharura usiku nampigia nani? Majibu yawe kwenye karatasi. Mambo ya fedha yakiachwa kwenye maneno ya mdomo, wiki ya pili tu yanazaa manung'uniko.

Angalia pia kalenda. Mwaka wetu wa shule unaanza Januari, na shule hufungwa Juni hadi mapema Julai, wakati ambao ndio kwanza wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani wanapata likizo yao ndefu. Akifika shule zimefungwa, mzigo wote wa kumshughulisha ni wako. Ni heri ulijue hilo mapema ukiwa bado na nafasi ya kupanga.

Hatua ya 2: Maliza mambo ya uhamiaji na ya mtaa

Viza na vibali ni kazi ya shule, ila wewe omba uone nakala. Viza ya kawaida ya kutembea haizidi siku 90. Anayekuja kusoma kwa muhula mzima au mwaka anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya ukutani.

Kisha mpeleke kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa siku mbili tatu baada ya kufika, aandikwe kwenye daftari la wageni. Usiridhike kwamba "wanatufahamu". Siku mgeni akipotea njia au akipoteza simu, mwenyekiti aliyemwona uso wake atakusaidia haraka kuliko unavyodhani.

Kama ana umri chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo ni mtoto, hata akiwa mrefu kukuzidi. Hakikisha wazazi wake wameandika barua ya kuruhusu atibiwe, na nakala yake uwe nayo wewe.

Hatua ya 3: Mwandikie kabla hajapanda ndege

Ujumbe mmoja wa WhatsApp, kwa Kiswahili chepesi, unatosha. Waeleze yeye na wazazi wake mnaishi na nani, nyumbani kuna mbwa au hakuna, mnasali wapi. Waombe wakueleze kuhusu afya yake, na hapa usione aibu kuuliza zaidi ya mara moja.

Angalizo kubwa ni karanga. Katika nchi nyingi za nje wapo vijana ambao karanga kidogo tu inaweza kuwaziba pumzi. Sasa fikiria jiko letu: karanga zilizotwangwa zimo kwenye mchicha, kwenye majani ya kunde, kwenye mlenda, na hata kwenye uji. Hazionekani kwa macho. Mama anayepika anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa, "Hii ni mboga ya majani tu," na karanga zimo. Akisema ana mzio wa karanga, kinu na mwiko vya mboga zake vitengwe, na kila nyumba atakayokula ijulishwe. Akija na sindano ya dharura ya mzio, aoneshe watu wazima wote wa nyumba namna ya kuitumia. Kama unaona jiko lako haliwezi kubadilika kiasi hicho, waambie shule wampangie familia nyingine. Kukataa huko ni upendo kwa mtoto wa mwenzio.

Mwambie pia abebe sweta, mafuta ya kupaka na ya midomo, maana ukavu na vumbi la hapa hupasua ngozi, na adapta ya soketi zetu za matundu matatu ya mstatili. Umeme wetu ni voti 230. Anayetoka Japani au Marekani asije na mashine ya kukausha nywele ya kwao, itaungua. Mifuko ya plastiki ya kubebea aiache, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Hatua ya 4: Siku ya kufika iwe ya kawaida

Wengi wanashuka Dar es Salaam na kupanda treni ya mwendokasi hadi Dodoma, safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi na sasa inakwisha kwa saa chache tu. Mpokee na watu wawili watatu wa nyumbani. Ukoo mzima, majirani na wanakwaya waje wiki inayofuata. Mtoto aliyesafiri usiku na mchana akipelekwa kwenye kundi la watu thelathini, kila mmoja akimshika mkono na kumuuliza habari, hatakumbuka jina hata moja.

Mpe maji ya kuoga, chakula chepesi, mwache alale. Atume ujumbe kwao kwamba amefika. Basi.

Hatua ya 5: Mtembeze nyumba, ukionesha kwa mikono

Fanya hivi asubuhi ya pili, na afanye mwanao. Ndoo iko wapi, kopo liko wapi. Kijana ambaye tangu azaliwe ameoga kwa bomba la mvua hajui kuoga kwa ndoo moja: atajimwagia yote mwanzoni, abaki na sabuni mwilini na ndoo tupu. Mweleze: lowesha mwili kwa makopo mawili, paka sabuni, kisha suuza kuanzia kichwani kwenda chini, na kopo la mwisho ni la miguu. Mwoneshe choo kinavyomwagiwa maji na karatasi zinatupwa wapi. Mwoneshe maji ya kunywa ni yapi na ya kufulia ni yapi, geti linafungwaje, chandarua kinachomekwaje chini ya godoro, na umeme wa LUKU ukiisha nani aambiwe.

Mweleze na majina. Wewe utaitwa nani akikuita? Sehemu nyingi za nje kijana humwita mtu mzima jina lake. Hapa akuite mama au baba, na jirani ni Mama Neema au Baba Juma, na bibi ni bibi. Shikamoo aijue kabla hajatoka getini. Na kama majirani ni Wagogo, mfundishe "mbukwa" kwa mtu mmoja na "mbukwenyi" kwa wengi. Wazee watamwita mjukuu tangu siku hiyo.

Bandika karatasi karibu na saa ya ukutani: 1:00 yao ya mchana ni saa saba yetu, na kuendelea. Mkikubaliana muda, taja "asubuhi", "mchana" au "usiku", na agusishe kidole kwenye saa yake. Ahadi nyingi huharibika hapa, si kwa sababu mtoto ni mzembe.

Hatua ya 6: Pangeni lugha ya nyumba

Hii ndiyo hatua iliyomleta, na ndiyo familia nyingi huiruka.

Tatizo linaanzia kwa upendo. Mwanao wa kidato cha pili anasoma masomo karibu yote kwa Kiingereza, na hapa amepata mtu wa kuongea naye. Wewe nawe unataka mgeni asihangaike. Wajomba wanajaribu maneno yao. Miezi mitatu inapita, mgeni anarudi kwao na "asante sana" na "hakuna matata". Nimewaona wa namna hiyo, na wazazi wao huku wamejitoa kwa kila kitu. Inaumiza.

Kwa hiyo kaeni kikao cha nyumba mkubaliane. Pendekezo langu ni hili: Kiswahili tangu kuamka hadi kulala, isipokuwa nusu saa baada ya masomo ya jioni, ambayo ni ya Kiingereza au lugha ya mgeni. Nusu saa hiyo iheshimuni, kwa sababu mwanao naye ana haki ya kufaidika. Na mambo ya ugonjwa, hofu au usalama yanasemwa kwa lugha yoyote, saa yoyote.

Jinsi ya kumsahihisha. Akisema, "Mimi nakwenda sokoni jana," usimwambie amekosea. Mjibu tu: "Ahaa, ulikwenda sokoni jana! Ulinunua nini?" Amesikia umbo sahihi ndani ya mazungumzo, na kesho au keshokutwa litatoka lenyewe. Akisema "kitabu yangu", mwambie, "Kitabu chako nimekiweka mezani." Ukimsimamisha kila neno, atanyamaza. Watoto wadogo wakatazeni kumcheka, ila wao ndio walimu bora kuliko sote: hurudia jambo lilelile mara kumi bila kuchoka.

Ongea naye taratibu, lakini Kiswahili kizima. Kile cha "wewe kwenda duka nunua mkate" kinamharibu, kwa sababu anajifunza anachosikia.

Mpe daftari dogo la mfukoni. Maneno matano kwa siku, ambayo ameyasikia mwenyewe, na jioni wakati wa chakula asimulie siku yake akiyatumia. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku msikilize pamoja, kisha muulize amekamata nini. Mwanzoni atakamata majina ya watu na ya mikoa tu. Usivunjike moyo.

Shuleni, mwombe mkuu wa shule ampangie vipindi vyote vya Kiswahili na vya Historia ya Tanzania na Maadili, ambavyo hufundishwa kwa Kiswahili. Kama inawezekana, siku moja au mbili kwa wiki akae darasa la tano au la sita katika shule ya msingi ya serikali iliyo jirani, ambako hesabu na sayansi ni kwa Kiswahili. Baadhi ya walimu huona ni kumshusha hadhi. Mgeni mwenyewe hufurahi, maana huko ndiko anakoelewa.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, mpe jembe

Wahenga walishasema, nasi tunawasikia nusu. Mgeni anayekaa kwenye kochi akiletewa chai hana cha kusema zaidi ya "asante". Anayechambua mchele pamoja na bibi ana la kuuliza kila dakika: hii ni nini, inatupwa wapi, kwa nini inapepetwa.

Mpe kazi zilezile anazofanya mwanao wa rika lake: kufagia uwanja, kuosha vyombo, kuchota maji, kufua nguo zake, kupeleka kuku ndani. Mvulana naye aingie jikoni.

Kazi iliyo bora kuliko zote ni kumtuma gengeni. Mara ya kwanza aende na mwanao, lakini mwanao asimame nyuma na anyamaze. Mgeni asalimie, aulize, "Nyanya fungu shilingi ngapi?", alipe, ahesabu chenji. Kabla hajatoka mweleze kwamba akisikia "jero" ni mia tano na "buku" ni elfu moja, maana mama wa genge hatasema vinginevyo. Mara ya pili aende peke yake, mchana, kwenye genge mnalolijua. Atarudi amesahau vitunguu. Mrudishe. Safari ya pili ndiyo inayokaa kichwani.

Angalizo: kazi iwe ya kiasi cha mtoto wako, isizidi. Mgeni si msaidizi wa nyumbani, wala si mwalimu wa ziada wa Kiingereza kwa mtaa mzima.

Hatua ya 8: Chakula

Usimpikie chipsi kila siku. Mpe mnachokula, ukianza na vilivyo vyepesi kwake: wali, maharage, chapati, ndizi, mayai, matunda. Ugali wa uwele au mtama na mlenda vije wiki ya kwanza, kidogo kidogo. Mlenda unamshinda mgeni kwa namna ya kula kuliko ladha yake. Mwoneshe polepole: kata tonge dogo, liviringe, libonyeze kwa kidole gumba lipate kishimo, chota, kisha zungusha mkono haraka ili uzi ukatike kabla hujapeleka mdomoni. Akimudu hilo mbele ya bibi, nyumba nzima itapiga vigelegele.

Wapo wasiokula nyama kabisa. Kwetu hapa hilo si gumu, mboga zipo. Asilazimishwe, wala asiambiwe kwamba mchuzi si nyama.

Maji ayanywe yaliyochemshwa au ya chupa, na barafu za mtaani aziache kwa wiki za mwanzo. Pakiti chache za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, ziwe kabatini.

Hatua ya 9: Usafiri, mtaa na mavazi

Tembea naye njia ya shule mara kadhaa. Mwoneshe daladala gani anapanda na anashukia wapi, na atamkeje "shusha". Bajaji ya dereva mnayemfahamu ni sawa. Bodaboda uliza shule kwanza, kwani mipango mingi inazikataza kabisa, nami naunga mkono. Awe nyumbani kabla ya giza.

Laini ya simu isajiliwe kwa utaratibu, kwa pasipoti yake. Usimpe laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Mweleze mapema kuhusu picha. Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi na vituo vya polisi havipigwi. Watu pia waombwe ruhusa kwanza, na watoto wa jirani wasirushwe mtandaoni bila wazazi kukubali. Kuhusu mavazi, kaptula fupi ni za nyumbani. Kanga mbili za zawadi humaliza mjadala kwa wasichana. Kanisani au msikitini mwalike, ukimweleza kinachofanyika, na akisema hapana iwe hapana.

Hatua ya 10: Mtoe nje ya mji

Kama ni msimu wa zabibu, nendeni shambani Hombolo au Mpunguzi. Mkulima akimweleza anavyopogoa, mgeni hupata msamiati ambao hakuna kitabu kitampa. Bunge likiwa kwenye kikao, hasa cha bajeti kati ya Aprili na Juni, shule iombe nafasi ya wageni: hapo atasikia Kiswahili rasmi, tofauti kabisa na cha gengeni. Na mkiweza, nendeni Kolo, Kondoa, karibu kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Vaeni viatu vya kupanda mawe.

Mambo yakienda kombo

*Haongei kabisa.* Wiki mbili tatu za kunyamaza ni kawaida, anasikiliza. Muulize maswali yenye chaguo: "Unataka chai au uji?" Baada ya mwezi kama bado kimya, angalia nani nyumbani anamjibu kwa Kiingereza kisirisiri.

*Anajifungia chumbani na simu.* Ni kukumbuka kwao. Usimnyang'anye simu. Kubaliana naye siku za kupiga kwao, mbili kwa wiki zinatosha wengi. Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha. Japani iko mbele kwa saa sita, apige mchana. Kisha mpe kitu cha kufanya pamoja na mtu mmoja, si kundi. Kusuka nywele au kupika chapati hufungua mdomo.

*Mwanangu ana wivu.* Hili huwashangaza wazazi, na halipaswi kuwashangaza. Mtoto wako ameachia nusu ya chumba chake, mtaani anaulizwa habari za mgeni tu, na mezani paja la kuku limehamia sahani nyingine. Gawa paja sawa. Tenga muda wa kukaa na wako peke yake, na mbele ya watu msifu kwa kazi kubwa anayoifanya, maana kwa kweli anaifanya.

*Watoto wa mtaani wanampigia kelele "mzungu".* Afundishwe kusimama na kusema, "Mimi naitwa fulani, na wewe?" Mara chache za hivyo, wataanza kumwita jina lake. Wewe nawe sema na wazazi wao.

*Watu wanamwomba fedha au simu.* Simama imara hapa. Ombi lolote lipite kwako, na jibu lako ni kwamba huyu ni mwanafunzi, hana kipato. Na wewe mwenyewe usimgusie ada ya mtoto wala bati la nyumba. Akiona kwamba upendo una bei, Kiswahili chote ulichompa kitaingia uchungu.

*Tumbo linaharisha.* Mpe ORS na maji mengi. Ikipita siku mbili, au kukiwa na damu au homa, nenda hospitali.

*Ana homa.* Apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama anameza dawa za kinga. Usimpe panadol na kusubiri kesho. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa zote zipo hapa mjini. Akirudi kwao, mkumbushe kwamba homa ya miezi inayofuata amwambie daktari alikuwa Tanzania.

*Ameniambia jambo la kutisha.* Kama kuna mtu amemgusa vibaya au kumtishia, hata awe ndugu yako wa damu, msikilize, mwamini, usimhoji kama mshitakiwa na usiite kikao cha ukoo. Mwite mwalimu msimamizi mara moja. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, ya polisi ni 112. Ziandike kwenye karatasi ileile ya saa.

*Hatuelewani na haitengemai.* Mkikaa na mwalimu mara mbili na bado kugumu, ahamishiwe familia nyingine. Hakuna aibu. Muage vizuri, na aendelee kuja kula Jumapili.

Zamu ya mwanao

Kubadilishana maana yake wako naye atakwenda, na hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu zinaanza kutafuta hati mwezi mmoja kabla ya safari. Anza wiki ambayo mgeni anafika. Pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000, na maombi yake yanahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na nyaraka za mzazi. Kama cheti kimepotea au jina limekosewa herufi, hiyo kazi ya RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Baada ya pasipoti kuna viza ya nchi anayokwenda, na miadi ya ubalozini kwa kawaida ni Dar es Salaam, kwa hiyo nauli ya watu wawili iwekwe kando mapema. Wakati huo wote mgeni wako yupo nyumbani: katika ile nusu saa ya jioni, mwambie amfundishe mwanao kusalimia, kuuliza njia na kusema "sijaelewa, rudia tafadhali" kwa lugha ya kwao.